Mafuta ya Arimedadi kwa koo

Swali: Daktari, shangazi kaniletea mafuta ya Arimedadi kutoka India. Koo linaniwasha. Niyanywe?

Jibu: Usiyanywe. Ni mafuta ya ufuta yaliyopikwa na magome ya mti wa jamii ya mgunga, mdalasini, iliki na kafuri. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, husukutuliwa yakiwa vuguvugu, kisha hutemwa. Ukavu wa koo hupungua kidogo. Zaidi ya hapo mimi siahidi. Kafuri ikimezwa huweza kuleta degedege, hasa kwa watoto wadogo, nayo mafuta yakipalia hadi mapafuni huzua nimonia. Ukiona homa au usaha kwenye mafindofindo, kapimwe. Koo lenye bakteria wa streptokoka lisipotibiwa kwa antibiotiki linaweza kukuachia ugonjwa wa vali za moyo.