Mapenzi ya Klabu na Afya ya Shabiki: Funzo kutoka Uskoti



Mapenzi kwa klabu ya mpira ni mali, na wafanyabiashara wanalitambua hilo. Ndiyo maana nembo za bia, soda na michezo ya kubahatisha huonekana kwenye jezi na kuta za viwanja. Katika somo hili tunaeleza jinsi mapenzi hayo hayo yalivyotumiwa kumnufaisha shabiki mwenyewe, na jinsi unavyoweza kuyapima matangazo ya kupunguza unene kabla ya kutoa fedha zako.

Mpango ulivyokuwa

Wanaume wengi wenye uzito uliozidi hawaendi kwenye madarasa ya kupunguza unene. Huyaona kuwa ni ya wanawake, au huona haya. Huko Uskoti, watafiti na klabu za ligi kuu waligeuza njia: badala ya kumwita mwanamume zahanati, walimwita kwenye uwanja wa timu yake. Mpango huo uliitwa Football Fans in Training.

Uliwalenga wanaume wa miaka 35 hadi 65. Kwa mwenye urefu wa sentimita 175, uzito wa kukubaliwa ulianzia takribani kilo 86. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, chini ya makocha wa klabu. Walijifunza kuhusu kiasi cha chakula, pombe na kujiwekea malengo, kisha wakafanya mazoezi. Kila mmoja alipewa kifaa cha kuhesabia hatua, akawa anaongeza mwendo kidogo kidogo. Hapakuwa na dawa ya kununua, na washiriki hawakutozwa ada. Walikuwa miongoni mwa wenzao wa jezi moja, kwa utani wa mpira waliouzoea.

Matokeo yake

Matokeo ya utafiti yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Wanaume wapatao 750 kutoka klabu 13 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walianza mara moja, nusu walisubiri mwaka mmoja. Baada ya miezi 12, walioanza walikuwa wamepungua wastani wa kilo tano na nusu hivi. Waliosubiri hawakufikisha hata kilo moja. Baada ya miaka mitatu na nusu, walioanza walikuwa bado chini ya uzito wao wa awali kwa takribani kilo 3. Yaani baadhi ya kilo zilirudi, lakini si zote.

Maana yake kwako

Mpango uliosimamiwa vizuri ulimpunguzia mtu kilo tano na nusu kwa mwaka. Basi anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili, kwa chai au vidonge, anakuahidi karibu mara mbili ya hizo kwa muda mfupi mno. Kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, bidhaa hii imesajiliwa na mamlaka husika, na viambato vyake vimeandikwa kwenye kifungashio?
2. Je, matokeo yanayotangazwa yalipimwa na nani, na baada ya muda gani?
3. Je, nembo ya klabu au sura ya mchezaji ni ushahidi, au ni pambo la tangazo tu?
4. Je, nitapewa risiti?

Unayoweza kuanza bila gharama kubwa

Kubalianeni, mashabiki wa kijiwe kimoja, kwenda kuangalia mechi kwa miguu na kurudi kwa miguu. Pimaneni kiuno kwa futi ya fundi cherehani, siku ile ile kila wiki, na kuandika. Wakati wa mapumziko, maji yachukue nafasi ya soda au bia. Atakayekosa wiki moja afuatwe na wenzake, asichekwe akakata tamaa.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone kwanza mtaalamu wa afya. Asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya tangazo lolote.

Ukiuziwa bidhaa ya kupunguza unene unayoitilia shaka, acha kuitumia, hifadhi kifungashio na risiti, kisha toa taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.