Kahawa ya Kuchuja kwa Kitambaa

Ilagala iko kusini ya mji wa Kigoma, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya samaki, mihogo na michikichi. Kahawa ya mkoa huo hustawi zaidi milimani, pande za Kalinzi na Manyovu. Hata hivyo, kahawa ya kuchuja huweza kutengenezwa katika kila jiko la Ilagala, na kila hatua ya kazi hiyo ni somo la sayansi.

Kusaga

Buni zilizokaangwa hutwangwa au kusagwa ili maji yapate eneo kubwa la kugusa. Mchemraba wenye ubavu wa milimita 2 una eneo la nje la milimita za mraba 24. Ukikatwa kuwa michemraba 8 yenye ubavu wa milimita 1, eneo hilo huwa 48. Kwa hiyo unga laini hutoa ladha upesi. Lakini ukizidi ulaini huziba kitambaa, na kahawa huwa chungu mno.

Kitambaa

Kinachofaa ni kitambaa cha pamba, kama vile bafta au marekani, kilichoshonwa mfano wa mfuko na kufungwa kwenye pete ya waya. Kitambaa kipya huwa na wanga wa kiwandani. Hivyo kichemshwe na kusuuzwa kabla ya kutumiwa. Kisifuliwe kwa sabuni, kwani harufu yake hubaki katika nyuzi za pamba.

Kumimina

Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni ndogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi za Sentigredi. Kwa lita 1 ya maji zitumike gramu 60 hivi za kahawa. Kwanza humiminwa maji kidogo ya moto. Povu linalotokea ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyobaki ndani ya buni tangu zilipokaangwa. Baada ya nusu dakika, maji yaliyosalia humiminwa polepole.

Mafuta na moyo

Kahawa chungu ya dele huchemshwa, kisha mashapo huachwa yatuame. Mwaka 1983 wachunguzi wa Tromsø, nchini Norwe, walieleza kwamba wanywaji wa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli nyingi katika damu. Baadaye ilijulikana kwamba kisababishi kikubwa ni kafestoli, iliyomo katika mafuta ya kahawa. Karatasi ya kuchujia huizuia karibu yote, na kitambaa huzuia sehemu kubwa.

Kitambaa hakiui vijidudu

Hapa pana jambo la hatari. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa hilo hilo. Kijidudu chake kina urefu wa milimita 0.002 hivi, na hupenya kwa urahisi katika matundu ya kitambaa. Nchini Bangladesh, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vingi hushikamana na viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa. Kupunguza, lakini, si kukomesha. Kinacholinda mnywaji wa kahawa ni maji kuchemka sawasawa. Tena, kitambaa kikisuuzwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, vijidudu huweza kurudi kikombeni. Basi kisuuzwe na kuhifadhiwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, yanayobadilishwa kila siku, na kichemshwe tena mara kwa mara.

Jaribio

Wanafunzi wachemshe kahawa katika sufuria moja, waichuje nusu yake, kisha waweke kila nusu katika bilauri ya kioo kwa dakika 10. Wachunguze mashapo yaliyo chini na utando wa mafuta ulio juu.

Maswali

1. Kwa nini maji huchemka mapema zaidi Manyovu kuliko Ilagala?
2. Mchemraba wa milimita 2 ukikatwa kuwa michemraba ya nusu milimita, eneo lote la nje litakuwa kiasi gani?
3. Je, maji meupe yaliyochujwa ni salama? Toa sababu.