Kasi, Velositi na Mchapuko: Tusizichanganye

Mwanafunzi anaweza kujua kukokotoa vizuri, na bado akakosa swali la fizikia kwa kuchanganya maneno haya matatu. Tuyapange.

Kasi ni umbali uliopita ukigawa kwa muda. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Basi likitumia saa 2, kasi yake ya wastani ni kilomita 40 kwa saa.

Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo. Hapa tunahesabu ulivyosogea kutoka ulipoanzia. Basi lile likirudi Kampala kwa saa 2 nyingine, kasi ya wastani ya safari nzima ni ile ile 40, lakini velositi ya wastani ni sifuri, kwa sababu limeishia lilikoanzia.

Mchapuko ni badiliko la velositi ukigawa kwa muda. Velositi ina mwelekeo, kwa hiyo kukata kona nako ni mchapuko, hata kama mshale wa spidi haukutikisika. Ndiyo maana abiria husukumwa upande basi linapozunguka.

Sasa tuutumie. Bodaboda inakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde (gawa kwa 3.6). Dereva anashika breki, na kila sekunde velositi inapungua kwa mita 5 kwa sekunde. Mchapuko ni −5. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba unapinga mwendo. Pikipiki itasimama baada ya sekunde 2.

Itakuwa imekwenda umbali gani? Chukua kasi mara kasi, gawa kwa mara mbili ya mchapuko (bila alama yake): 100 ÷ 10 = mita 10.

Ongeza kasi mara mbili, kilomita 72 kwa saa: 400 ÷ 10 = mita 40. Kasi imezidi mara mbili, umbali wa kusimama umezidi mara nne! Ongeza sekunde 1 ya dereva kushtuka kabla ya kushika breki: jumla ni mita 20 kwa kasi ya kwanza, mita 60 kwa ya pili.

Basi siku ukichelewa kipindi, kabla ya kumwambia dereva "ongeza mwendo", kumbuka hesabu hii. Mtoto akiingia barabarani mita 30 mbele yenu, dereva wa kwanza atasimama. Wa pili hatawahi.