Bodi Tambarare kwenye Pikapu ya Kuvuta: Kilo Zikae Wapi?

Kijitabu hiki ni cha wazungumzaji wa Kiswahili waishio Marekani, hasa kwenye majimbo ya mashamba kama Ohio, Kentucky na Iowa, wenye pikapu ya kazi na hamu ya kuingia nayo kwenye mashindano ya kuvuta. Huko mchezo huu ni wa wakulima tangu zamani. Mji wa Bowling Green, Ohio, umekuwa na mashindano yake makubwa ya matrekta tangu 1967. Wengi wenu pikapu zenu zimeshang'olewa bodi la kiwandani na kufungwa bodi tambarare, lile lisilo na kuta, la kubebea marobota ya nyasi na mabomba. Je, bodi hilo litakusaidia kuvuta au litakukwamisha?

Sleji inavyokuelemea

Unachovuta ni sleji, yaani tela zito lenye sanduku la vyuma. Mwanzoni sanduku liko nyuma, juu ya magurudumu ya sleji, kwa hiyo unaondoka kwa wepesi. Kadiri unavyosonga, sanduku linapanda kuelekea mbele, na bamba la chuma lililo mbele ya sleji linazidi kukandamiza udongo. Kila mita inakuwa nzito kuliko iliyopita. Viwanja vingi vina urefu wa futi 300, karibu mita 91, na anayezimaliza amevuta kamili.

Simama pembeni ya uwanja, mbali kidogo na mstari wa kuanzia, uangalie magurudumu ya mbele peke yake. Utayaona yakianza kudunda, yanagusa udongo na kuuacha, kisha yanazunguka hewani huku ya nyuma yakichimba mashimo. Pikapu ya kuendesha magurudumu manne sasa inavuta kwa mawili. Mita chache mbele inasimama.

Sababu ni mnyororo. Ndoano iko juu ya ardhi, na mvuto wa nyuma kwa kimo hicho huinua pua ya gari. Tuseme ndoano iko inchi 26, kimo cha juu kinachoruhusiwa kwenye madaraja mengi ya pikapu za dizeli. Hiyo ni sentimita 66. Umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 360. Mnyororo ukivuta kwa nguvu ya kilo 2,500, ekseli ya mbele inapoteza zaidi ya kilo 450, na zote zinahamia nyuma. Ekseli ya nyuma, basi, italetewa uzito na sleji yenyewe. Inayohitaji kusaidiwa ni ya mbele.

Hesabu ya bodi

Tuseme bodi lako la chuma limezidi lile la kiwandani kwa kilo 150, na kitovu cha uzito huo kiko sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa mizani, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 167 na ya mbele inapungukiwa 17. Waweza kusema kilo 17 si kitu. Lakini madaraja mengi yana ukomo wa uzito. Paundi 8,000, yaani kilo 3,629, ni ukomo wa kawaida. Kama ulikuwa umeshafika hapo, itakubidi uondoe kilo 150 za vyuma ulivyotundika mbele. Vikiwa vimekaa sentimita 120 mbele ya ekseli ya mbele, kuviondoa kunaipokonya ekseli hiyo kilo 200 nyingine. Jumla ni kilo 217 zilizotoka mbele zikaenda nyuma, na gari halijaongezeka hata kilo moja.

Geuza hesabu hiyo, utaona faida ya bodi jepesi la alumini, au fremu fupi isiyo na mkia mrefu: kila kilo unayopunguza nyuma unaweza kuitundika mbele. Ndiyo maana ushauri wetu ni huo, hata kwa ambaye gari lake halijafika ukomo. Chuma kizito kitamfaa, ila kingemfaa zaidi kikiwa mbele ya rejeta kuliko kikiwa sakafuni mwa bodi.

Bodi zito pia linabonyeza springi. Springi zikilala, ndoano inashuka chini ya kimo ulichopimiwa, na mvuto unabadilika. Pima kimo cha ndoano bodi likiwa juu, tangi likiwa na mafuta, dereva akiwa amekaa.

Kabla ya kwenda uwanjani

Soma kanuni za daraja lako kwanza, kwa kuwa baadhi hudai bodi la kiwandani. Hakikisha mkia wa bodi haufuniki ndoano: mtu wa sleji lazima aione kutoka juu na aingize mkono kufunga na kufungua bila kujibana. Mnyororo ukinyooka usiguse chuma chochote cha bodi. Vyuma vya uzito vifungwe kwa bolti. Kamba haitoshi, na kitu kilichowekwa tu juu ya bodi lisilo na kuta kitaruka kwenda kwa watazamaji. Ukishafunga bodi, peleka gari kwenye mizani upime ekseli moja moja, mbele kisha nyuma, uandike tarakimu zote mbili kwenye karatasi na kuiweka ndani ya gari.