Logo ya Bei Nafuu au ya Dizaina? Jua Pesa Yako Inanunua Nini

Tuseme unauza chapati na maharagwe Kaloleni, karibu na Social Hall. Watu wa Ololo wanakujua kwa sura. Siku moja rafiki anakuambia, "Boss, siku hizi bila logo na tovuti hauendi mbali." Dizaina wa kwanza anasema atakufanyia kila kitu kwa shilingi 2,000. Wa pili anataka 40,000. Umwamini nani?

Huenda wote wawili ni waaminifu. Kabla ya kuchagua, angalia mambo mawili: pesa yako inanunua nini, na ukishalipa, nani anabaki na funguo za biashara yako.

Piga hesabu kwa chapati

Tuchukulie kila chapati inakuachia faida ya shilingi 10, na unauza 100 kwa siku. Shilingi 2,000 ni faida ya siku mbili. Shilingi 40,000 ni faida ya siku 40.

Sasa jiulize: tovuti itarudisha hizo siku 40? Kama wateja wako ni wapita njia na majirani, bado haujafika hapo. Lakini kama unapikia harusi, matanga na mikutano ya ofisi za town, hesabu inabadilika. Anayepanga shughuli ya watu 200 anataka kuona menyu na picha kabla hajakupigia simu. Oda chache kubwa zinaweza kulipia tovuti nzima.

Bei ya chini si aibu

Mwaka wa 1971, mwanafunzi wa Portland, Marekani, aitwaye Carolyn Davidson, alichora alama ya Nike na kulipwa dola 35. Kampuni ilipokua, ikampa hisa mwaka wa 1983. Ile alama ilipata nguvu kwa sababu ya viatu na miaka ya kazi. Logo haiwezi kuokoa chapati ngumu.

Hata hivyo, bei nafuu ina mipaka yake. Logo nyingi za haraka hutoka kwa violezo vya programu kama Canva, na kiolezo hicho hicho mtu mwingine anaweza kukitumia. Kwa kibanda, si shida. Lakini ukipanga kuweka bidhaa zako kwa pakiti na kuziuza dukani, utahitaji mchoro wako mwenyewe, ambao unaweza kuusajili kama alama ya biashara pale KIPI. Usajili huo hudumu miaka 10, na unaweza kuufanya upya.

Funguo tatu za kudai

Uwe umelipa 2,000 au 40,000, usikubali kazi imeisha kabla hujapata hizi:

1. Faili halisi za logo. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp haitoshi. Omba faili ya vekta, kama SVG, ambayo unaweza kuikuza kutoka stika hadi bango bila kupoteza ung'avu.

2. Anwani ya tovuti kwa jina lako. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa na mawakala wake. Isajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako. Dizaina akiisajili kwa jina lake, siku mkikosana au akibadilisha laini, unaweza kuanza upya ukiwa tayari umechapisha anwani hiyo kila mahali. Uliza pia: mwaka wa pili nitalipa ngapi?

3. Nywila zote. Ukishazipokea, zibadilishe.

Andikeni makubaliano, hata kama ni kwa meseji tu: kazi gani, itaisha lini, marekebisho mangapi, na mchoro ni mali ya nani.

Lipa kwa awamu

Usitume pesa yote mara moja. Toa kiasi cha kuanzia, ongeza ukishaona mchoro wa kwanza, na umalizie ukishapokea faili na nywila. Hakikisha jina la unayemlipa ni la mtu mliyeelewana naye, na usifute meseji za malipo, kwa sababu ndizo risiti zako.

Akisema anaweka malipo ya simu kwenye tovuti yako, mpe till namba. PIN yako haihitaji kamwe, wala ile kodi ya siri inayotumwa kwa simu yako. Akiomba hizo, achana naye.

Anza na jina

Kuna kazi moja ambayo unaweza kuianza leo kabla ya kumlipa dizaina yeyote: fanya jina lako lifanane kila mahali. Ubao ukisema "Mama Chapo" na meseji ya malipo ikisema "JM Enterprises", mteja mgeni anashtuka, anadhani ametuma pesa kwingine. Kwa wateja wengi, jina lile kwenye meseji ndilo logo wanayoiona kila siku.

Kwa hivyo jioni hii, jilipe shilingi 10 kwa till yako ukitumia simu ya mtu wa nyumbani, usome jina linalotokea. Kama halifanani na lililo kwenye ubao, anza kwa kuomba libadilishwe. Kisha weka jina hilo hilo na picha safi za chakula chako kwenye WhatsApp Business na Google Maps, ambazo ni bure. Wateja wakianza kukuuliza mambo ambayo hizo mbili haziwezi kujibu, hapo sasa mtafute dizaina.