Hesabu ya Mabao Katika Mji wa Gijón

Mchezo wa mpira baina ya shule mbili ni jambo jepesi: mwenye mabao mengi ameshinda. Walakini mataifa mengi yakusanyikapo kushindania Kombe la Dunia, haiwezekani kila mmoja acheze na kila mwenzake, maana siku hazitoshi. Kwa hiyo hugawanywa katika makundi. Wa juu huendelea, na waliosalia hufunga mizigo.

Mwaka 1982 kombe hilo lilishindaniwa katika nchi ya Hispania. Kundi moja lilikuwa na Ujerumani ya Magharibi, Austria, Chile na Algeria, na wawili tu ndio wangepita. Siku zile ushindi ulikuwa alama 2, na sare alama 1. Waliolingana alama walitazamwa mabao: yale waliyofungwa yalitolewa katika yale waliyofunga, na mwenye baki kubwa akatangulia. Baki zikilingana, alitangulia aliyefunga mengi.

Waalgeria walikuwa hawajapata kufika katika mashindano hayo, wala si wengi waliowadhania kitu. Lakini tarehe 16 Juni, mjini Gijón, waliwashinda Wajerumani mabao 2 kwa 1. Madjer alifunga la kwanza na Belloumi la pili. Kisha wakashindwa na Austria 2 kwa 0. Tarehe 24 Juni wakacheza na Chile, na hata mapumziko walikuwa wamekwisha kufunga mabao 3 bila kufungwa. Hapo wakalegea, wakafungwa 2. Walishinda, ni kweli, lakini mabao hayo mawili myakumbuke.

Ukabaki mchezo mmoja, Ujerumani na Austria. Austria walikuwa na alama 4, wamefunga mabao 3, hawajafungwa hata moja. Algeria walikuwa na alama 4, wamefunga 5, wamefungwa 5. Ujerumani walikuwa na alama 2, wamefunga 5, wamefungwa 3.

Mchezo huo ulichezwa kesho yake, pale pale Gijón, na wachezaji waliingia uwanjani wakiijua hesabu yote. Wajerumani wakishindwa au wakienda sare, wametoka wao. Wakishinda 3 kwa 0, wametoka Waaustria. Bali wakishinda kwa bao 1 au 2, wapita wote wawili, na Algeria ndiyo itokayo.

Katika dakika ya kumi hivi Hrubesch akawafungia Wajerumani. Baada ya muda mchezo ukafa. Mpira ukapigwa huku na huku, ukarudishwa kwa mlinda lango, wala hapakuwa na aliyeshambulia kwa nia ya kufunga. Watazamaji wakazomea. Waalgeria waliokuwapo wakapunga noti za fedha, maana yake, mchezo umenunuliwa. Lakini fedha ya nini? Hesabu yenyewe ilitosha. Mchezo ukaisha 1 kwa 0, na wote watatu wakawa na alama 4: Ujerumani baki 3, Austria baki 2, Algeria hawana baki. Kama Algeria wasingalifungwa na Chile yale mabao mawili, wangalikuwa nao na baki 2, tena wangaliwapita Austria kwa wingi wa mabao ya kufunga.

Wakapeleka mashtaka kwa FIFA, yaani chama kinachosimamia mpira duniani, wakajibiwa kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini tangu kombe la mwaka 1986, michezo miwili ya mwisho ya kila kundi huanza kwa wakati mmoja.

Dawa hiyo ni njema, ila haikuponya yote. Mwaka 2018, huko Urusi, Japani walikuwa wakishindwa na Poland 1 kwa 0, wakapata habari kwamba Senegal nao wanashindwa na Kolombia 1 kwa 0. Basi dakika za mwisho wakazimaliza kwa kupasiana mpira tu. Japani na Senegal wakalingana alama, wakalingana mabao ya kufunga na ya kufungwa, na walipokutana wenyewe walikuwa wametoka sare ya 2 kwa 2. Ikabidi kuhesabu kadi za manjano, jambo lisilopata kuamua mambo katika Kombe la Dunia la wanaume kabla ya hapo. Japani walikuwa nazo 4, Senegal 6. Wasenegali wakarudi kwao.