Uliza Mpaka Ujibiwe: Mbinu za Mkutano Mkuu wa Kijiji

Kijijini Tanzania hakuna chombo kilicho juu ya mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Msingi wake uliwekwa na sheria ya vijiji ya 1975, kisha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji isome mapato na matumizi. Naamini demokrasia yetu inaanzia hapa, chini ya mwembe au uwanjani shuleni, kabla haijafika Dodoma. Lakini wengi hupiga makofi na kurudi nyumbani bila kujua fedha zao zimekwenda wapi.

Anza kabla ya siku ya mkutano. Nenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji, umwombe ajenda na taarifa ya fedha. Ukikuta ubao wa matangazo mtupu, hilo nalo ni la kuuliza. Nakili daftarini tarakimu chache tu: michango ya darasa, ushuru wa gulio, fedha zilizotoka wilayani.

Kisha tunga swali moja. Ukiuliza, "Fedha zetu mnazipeleka wapi?", utajibiwa kwa hotuba. Uliza hivi: "Ndugu Mwenyekiti, taarifa inasema imenunuliwa mifuko 60 ya saruji ya zahanati. Naomba kujua nani aliipokea, na iliyobaki imehifadhiwa wapi." Hapo umedai jina na mahali. Usimwite mtu mwizi kama huna ushahidi, maana mjadala utageuka ugomvi wa koo na saruji itasahaulika.

Jambo linaloharibu mikutano mingi ni hili: mmoja anauliza saruji, wa pili barabara, wa tatu ng'ombe walioingia shambani, na mwenyekiti anajibu lililo jepesi. Kubalianeni mapema na majirani wawili watatu. Swali la kwanza lisipojibiwa, anayefuata alirudie lile lile, tena kwa upole, wala asianzishe jingine. Ni vigumu kuwakwepa watu watatu wanaouliza jambo moja.

Angalieni pia saa ya mkutano. Ukipangwa wakati wa kuchota maji, akina mama hawatakuwapo, ingawa sheria imewatengea angalau robo ya viti vya halmashauri ya kijiji. Ombeni usogezwe alasiri, na mama mwenye swali apewe nafasi mapema, kabla wazee hawajamaliza muda wote.

Kwenye ardhi msilegeze kamba hata kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Akitajwa mwekezaji, ulizeni ni ekari ngapi, mipaka inapita wapi, ni kwa miaka mingapi na kijiji kitapata nini, kabla mkono hata mmoja haujanyooshwa. Suala la ardhi likiletwa kwenye "mengineyo" jua linapozama, ombeni liahirishwe na liwe ajenda kamili ya mkutano unaofuata. Mna haki ya kulilala na kuliamkia.

Kabla ya kufunga, mwombeni mtendaji asome alichoandika: nani ameahidi nini, na lini. Ahadi isiyo kwenye muhtasari haitaonekana kwenye "yatokanayo" mkutano ujao, na mtaanza upya.

Miezi mitatu ikipita kimya, andikeni barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata. Msipojibiwa, ipelekeni kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Wekeni majina, saini na tarehe, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.